Kitu kinachozunguka kinakula

Nyumba tuliyopanga Tandika ilikuwa na vyumba saba, mita moja ya umeme, na ugomvi ambao haukuwahi kupoa. Uniti zikibaki chache, mita ya ukumbini huanza kulia, pii, pii, na hapo nyumba nzima inakuwa kiziwi. Anayepika anapika kimyakimya, anayeangalia mpira anapunguza sauti. Mwishowe mmoja mwenye nguo ya kupiga pasi na haraka ya kazini anatoka kugonga milango: "Jamani, luku."

Utaratibu wetu wa kununua luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ulikuwa mchango wa wiki. Kila chumba elfu nne. Dada wa chumba cha pili, aliyekuwa anauza barafu na juisi za pakiti, alitoa elfu sita kwa sababu ya friza yake. Mimi nilitoa elfu tano, na hiyo elfu moja ya ziada ilikuwa adhabu ya feni.

Mwanangu alikuwa na miezi minne. Februari ya Dar es Salaam mnaijua, na chumba chetu kilikuwa na dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani. Feni iliwashwa saa tatu usiku, ikazimwa asubuhi. Kikaitishwa kikao uani, na mzee wa chumba cha mbele, mshika daftari la michango, akatoa hukumu kwa upole kabisa: "Mwanangu, feni yako inazunguka usiku kucha. Kitu kinachozunguka kinakula." Nikalipa. Hata mimi niliamini hivyo hivyo. Kuna usiku nilikuwa naamka kuizima angalau nusu saa, mtoto anaanza kulia, naiwasha tena huku roho inaniuma kana kwamba nasikia sarafu zikidondoka.

Siku moja akaja kijana fundi umeme kubadilisha soketi iliyoungua. Nikamuuliza, kwa utani wa kutafuta huruma, feni hii inaweza kumaliza luku ya nyumba? Akaigeuza, akanionyesha kibandiko cha nyuma: wati 55. "Dada, hesabu yake ni ya shule ya msingi. Wati zidisha kwa saa, gawa kwa elfu moja, hizo ndizo uniti." Wati 55 kwa saa tisa ni 495. Nusu uniti kwa usiku mzima.

Nikachukua kalamu. Wakati huo elfu kumi ilikuwa inatupa uniti 28, maana yake uniti moja ni kama shilingi 356. Nusu uniti kwa siku saba ni kama 1,250 kwa wiki. Yaani ile elfu moja ya adhabu haikuwa uonevu. Mimi ndiye niliyekuwa nawadhulumu wenzangu shilingi mia mbili na hamsini kwa wiki. Nilinyamaza na siri hiyo. Ila kalamu ilikuwa imeshaanza, sikuweza kuishia kwangu.

Chumba cha sita aliishi kijana mmoja mpole, mfanyakazi wa zamu. Hana runinga, hana friji, hana redio. Tulimsifu kwenye vikao: mfano wa kuigwa. Alikuwa na kitu kimoja tu, hita ya kuchovya kwenye ndoo, na alioga maji ya moto asubuhi na akirudi. Ndoo ya lita 20, kuitoa kwenye ubaridi wa bomba mpaka uvuguvugu wa kuoga, inakula karibu nusu uniti. Ndoo moja tu. Yule kijana kwa siku alikuwa anakunywa uniti nzima, mara mbili ya feni yangu, ndani ya dakika chache ambazo hakuna aliyemwona wala kumsikia. Na friza ya barafu, ya mtumba, mlango umelegea, nikaikisia uniti tatu kwa siku: zaidi ya shilingi elfu saba kwa wiki, na dada yetu ameongezewa elfu mbili.

Tangu siku hiyo ndoo ya maji ya moto ikawa kipimo changu. Usiku mzima wa feni ni ndoo moja. Taa ya kisasa ya wati 9 inabidi iwake zaidi ya saa 50 ndipo ifikie ndoo moja, na sisi tulikuwa tunagombana kuhusu taa ya choo cha nje! Taa inaonekana, feni inasikika, ndiyo maana zinashtakiwa. Pasi, hita, birika la umeme, jiko la koili, kila kinachozalisha joto kinafanya kazi yake haraka na kuondoka kabla ya kikao.

Mzee nilimpelekea hesabu ile, nikitarajia pongezi. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Sasa unataka nimfukuze dada wa barafu?" Michango ikabaki vilevile. Nilikuja kumwelewa baadaye: daftari lake lilikuwa linatunza amani, umeme ulikuja nyuma yake.

Kilichonikera zaidi nilikigundua nilipomtembelea shangazi yangu anayeishi peke yake Mbagala. Ananunua luku ya elfu moja, anapata uniti nane na pointi mbili. Nilidhani simu imekosea. Kwetu elfu moja ni uniti mbili na pointi nane. Mji mmoja, shirika moja, nguzo za aina moja.

Hapo ndipo nilipojifunza habari ya tarifu, yaani madaraja ya bei. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, wale wanaoitwa D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Wengine wa kawaida, T1, wanalipa 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kwa hiyo inasomeka 122 kwa shangazi na 356 kwetu. Mtaani wanaita tarifu nne na tarifu moja.

Sasa fikiria nyumba yetu. Vyumba saba kwenye mita moja, uniti kama 370 kwa mwezi. Gawa kwa saba: 53 kila chumba. Kila mmoja wetu angekuwa na mita yake, kwa matumizi yaleyale, wengi tungekuwa kwenye bei ya shangazi, kama shilingi 6,500 kwa mwezi. Tulikuwa tunatoa zaidi ya elfu kumi na saba. Mita haijui kwamba nyuma yake kuna familia saba za kipato cha chini. Inaona mtu mmoja anayetumia uniti 370, inamdhania tajiri. Ninapomsikia mpangaji akisema nyumba hii ina luku ya peke yako, hata kama kodi imezidi elfu kumi, namwambia achukue kalamu kwanza.

Tulihamia kwetu Chanika mwaka 2020, nyumba haina dari wala rangi, lakini ina mita yetu wenyewe. Niliingia na matumaini ya uniti nane kwa elfu moja. Miezi mitatu ya kwanza tukatumia zaidi ya uniti 200 kila mwezi, watu watatu na mtoto, na jikoni tunapikia gesi.

Nyumba ikageuka Tandika ndogo. Baba watoto anasema pasi yangu, mimi nasema mpira wake. Katika kuhangaika akarudi siku moja na kidude cha plastiki alichonunua elfu ishirini na tano, cha kuchomeka kwenye soketi ili "kusafisha umeme" na kupunguza matumizi nusu. Kilikuwa na taa ya kijani. Tulipokuja kukifungua, ndani mlikuwa na kapasita moja ndogo na hiyo taa. Mita ya nyumbani inahesabu kazi ambayo umeme umefanya, na kapasita haipunguzi kazi ya friji wala pasi. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba tulikuwa na taa moja zaidi ya kuiwasha.

Nikampigia simu yule fundi wa Tandika. Akaniuliza: mita yako ina taa nyekundu inayokonyeza? Ninayo. Karibu nayo pameandikwa nini? Pameandikwa 1000 imp/kWh. "Basi kila ikikonyeza mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Usiku uzime vitu vyote, chomoa friji, kisha ukae nayo."

Mita nyingine zimeandikwa 800 au 1600, kwa hiyo soma yako kwanza. Kwa hiyo yangu, hesabu ni rahisi: idadi ya makonyezo kwa dakika, zidisha kwa 60, unapata wati zinazotumika wakati huo. Ikikonyeza mara moja kwa dakika ni wati 60. Mara kumi na saba ni kama pasi.

Nikatoa kigoda saa tano usiku. Kila kitu kimezimwa, friji imechomolewa, king'amuzi kimechomolewa, baba watoto amelala. Taa imetulia. Dakika moja, mbili. Nikaanza kujiona mjinga. Mara ikaanza kukonyeza mbiombio, nikahesabu mara nane, ikatulia. Baada ya dakika tatu hivi, tena nane. Ikatulia. Tena. Nilipata ubaridi mgongoni, kama mtu aliyesikia hatua ndani ya nyumba tupu.

Nikatoka nje na tochi. Kule nyuma, kwenye kibanda cha kisima, ile pampu inayojiwasha yenyewe presha ikishuka ilikuwa inanguruma nusu dakika, inazima. Nikaingia ndani kufuata maji. Bomba zote zimefungwa. Choo cha wageni, ambacho hatukukitumia hata mara moja kwa wiki, kilikuwa kinachuruza maji mle ndani ya bakuli, kauzi kembamba ambako mchana hukasikii wala hukaoni. Mpira wa ndani ya tenki la choo ulikuwa umekauka. Maji yanavuja, presha inashuka, pampu inaamka, inajaza, inalala, usiku na mchana. Na kwa kuwa maji ni ya kisima chetu, hakukuwa na bili ya maji ya kutushtua.

Makonyezo nane kila baada ya dakika tatu ni 160 kwa saa. Kwa siku ni karibu uniti nne, ndoo nane za maji ya moto. Kwa mwezi uniti kama 115, shilingi zaidi ya elfu arobaini. Mpira mpya ulikuwa elfu tano.

Sikumwamsha mtu. Nilifunga koki ya choo, nikarudi kwenye kigoda, nikaitazama ile taa nusu saa nzima bila kukonyeza. Sijui kama kuna tamthilia iliyowahi kunipa raha ile.

Baada ya hapo nikawa mgonjwa wa kuhesabu. Friji yetu, ya mtumba kutoka Ulaya, kubwa kama kabati, nikaipa siku nzima peke yake kwa kusoma mita tulipoondoka safarini na tuliporudi: uniti mbili na ushee. Niliweka noti ya elfu moja kwenye mlango wake, nikaufunga, nikaivuta noti. Ikatoka bila upinzani wowote, dalili kuwa raba ya mlango imekufa na ubaridi unatoroka. Tukabadilisha raba, tukaisogeza kutoka ukutani ipumue mgongoni, ikashuka mpaka uniti moja na nusu. King'amuzi na runinga vikiwa vimezimwa kwa rimoti tu, taa ilikonyeza mara moja kila baada ya dakika tatu au nne. Kidogo. Nikaacha kuwasumbua watu kuvichomoa, na nawashauri wale wanaogombana na watoto kuhusu chaja za simu wahifadhi ugomvi huo kwa jambo kubwa zaidi.

Tukashuka chini ya uniti 75. Lakini bei haikushuka. Hapa watu wengi wanakwama: wanapunguza matumizi, wanasubiri mfumo uwaone. Nilikwenda ofisi za shirika la umeme, nikaomba, wakaangalia historia ya manunuzi ya miezi kadhaa, wakanishusha kwenye bei ya shangazi. Na ukiwa kule chini usijifanye mjanja ukanunua luku ya miezi mitatu kwa mpigo, maana uniti za juu ya 75 ndani ya mwezi huuzwa kwa 350 kabla ya makato. Ni ghali kuliko hata ya T1. Kitu kingine kinachowachanganya watu ni manunuzi ya kwanza ya mwezi, ambayo hukatwa kodi ya jengo. Ilianza Agosti 2021 kwa shilingi elfu moja kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Mtu ananunua luku ya elfu mbili tarehe mosi, anaona uniti nne, anaapa kuwa mita yake imerogwa.

Raha hiyo haikudumu, kwa sababu nzuri. Mama mkwe akaja kukaa nasi, wadogo zangu wawili wakaanza chuo wakifikia kwetu. Friza ikanunuliwa. Gesi ikawa inaisha kila unapogeuka, nikanunua presha kuka ya umeme. Hiyo siijutii hata leo: maharage nusu kilo yasiyolowekwa, nikasoma mita kabla na baada, yalikula chini ya nusu uniti. Chini ya ndoo moja! Mama mkwe, ambaye kwa miaka sitini ameamini kuwa kupikia umeme ni ufujaji, alikuwa anakuja kuisoma mita mwenyewe. Inazalisha joto, ndiyo, ila imelifungia ndani, halipotei kwenda kupasha jiko zima. Hata hivyo, yote kwa pamoja, tukafika uniti 160, tukarudishwa kwenye 356. Elfu hamsini na saba kwa mwezi.

Halafu ukaja mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023. Kwetu ulikuwa unakatika asubuhi unarudi usiku. Friza ikayeyuka mara ya pili na samaki wa mama mkwe ndani, na baba watoto akasema maneno ambayo kila nyumba ya Chanika ilikuwa inayasema: tufunge sola.

Tulikuwa na akiba ya kumalizia dari. Ikaenda kwenye paneli nne za wati 400, inveta ya kilowati tatu ya kuugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, na betri ya lithiamu ya volti 24, ampea 100, ambayo inashika uniti mbili na nusu. Jumla milioni nne na laki sita. Betri za maji tulizikwepa kwa sababu ya jirani mmoja aliyefunga za lori: kule unatakiwa kutumia nusu tu ya kilichomo, yeye alizimaliza mpaka chini kila usiku, hazikumaliza mwaka.

Fundi wa sola, simtaji, alifunga siku moja. Taa zikawaka, tukapiga picha, akaondoka. Mwezi uliofuata luku ikapanda.

Nasema ikapanda. Uniti 160 zikawa 190. Baba watoto alitaka kwenda kumtafuta fundi na ndugu zake. Mimi nikatoa kigoda changu.

Saa sita mchana, jua linapasua vichwa, taa nyekundu ya mita inakonyeza kama hakuna sola kabisa. Saa nane usiku, kila mtu amelala, inakonyeza kuliko hata kabla ya sola. Nikachukua kile kitabu cha inveta ambacho fundi alikiacha juu ya kabati kikiwa bado kwenye nailoni. Kwenye inveta za aina hii kuna mpangilio namba 01, unaoiambia itumie umeme upi kwanza, na namba 16, unaoiambia betri ichajiwe na nani. Yetu ilikuwa imeachwa na mipangilio ya kiwandani: umeme wa gridi, yaani ule wa luku, kwanza, na betri ichajiwe na jua na gridi kwa pamoja. Paneli za milioni na ushee zilikuwa zinaota jua juu ya bati kama mijusi. Betri ilikuwa ni akiba ya siku ya mgao tu, na inveta yenyewe, kwa kukaa macho saa 24, inakula wati kama 50: zaidi ya uniti moja kwa siku. Tulikuwa tumekaribisha mpangaji mpya asiyechangia.

Nikabonyeza namba 01 mpaka ikasoma SBU: jua kwanza, kisha betri, gridi mwisho. Namba 16 nikaweka OSO, jua peke yake. Dakika mbili za kazi. Kwenye mita, mchana ule, taa ikalala.

Haikuishia hapo. Saa nane mchana uzalishaji ulikuwa unaporomoka ghafla, kama mtu amefunga bomba. Ni kivuli cha mwembe wa jirani. Kilikuwa kinagusa paneli moja tu, lakini paneli zilizoungwa kwa kufuatana zinakwenda kama msafara wa watu waliofungwa kamba moja. Mmoja akichechemea wote wanapunguza mwendo. Jirani alikubali kukata tawi baada ya mazungumzo marefu na kuku mmoja. Vumbi la barabara tunalifuta mara mbili kwa mwezi, asubuhi kioo kikiwa bado baridi.

Kisha ikabidi tubadilishe saa za nyumba, na hili hakuna fundi aliyelitaja. Betri ya uniti mbili na nusu si ghala, ni kikapu. Ukirudi saa moja jioni ukapiga pasi, ukapika maharage, ukavuta maji, saa tatu kikapu kitupu na uko kwenye gridi mpaka asubuhi, halafu kesho saa sita betri imejaa na jua linamwagika bila wa kulinywa. Tukahamishia kazi mchana. Pampu inajaza tenki la juu saa tano, na ile inayojiwasha yenyewe tuliiondoa kabisa. Pasi ni Jumamosi adhuhuri, nguo za wiki nzima. Maharage yanaingia saa nne, kazi ya mama mkwe, ambaye siku hizi anachungulia angani kabla ya kuchambua. Kwenye friza kuna chupa za maji zinazogandishwa mchana ili isihangaike usiku. Siku ya jua nzuri tunavuna uniti tano au sita. Masika, wiki za Aprili ambazo jua halionekani, tunapata nusu ya hapo, wakati mwingine hata robo, na luku inapanda bila kosa la mtu.

Gridi ikashuka mpaka kama uniti 60 kwa mwezi. Nikasubiri miezi, nikarudi ofisini na ombi lilelile la miaka mitatu nyuma. Wakanirudisha kwenye bei ya shangazi.

Nitaweka hesabu yenyewe hapa kwa sababu wauzaji hawaiweki. Uniti 100 zilizohama kwenda kwenye jua, kwa 356, ziliniokolea kama 35,600 kwa mwezi. Kwa mwendo huo milioni nne na laki sita zingerudi baada ya karibu miaka kumi na moja. Kilichoongeza nafuu ni zile 60 zilizobaki, ambazo zilishuka bei kutoka 21,400 mpaka 7,300. Kwa jumla naokoa karibu elfu hamsini, na miaka imepungua kuwa chini ya minane. Bado mingi. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha, mgao ukapungua, na sababu yetu ya kwanza ya kufunga sola ikaondoka na maji yake. Dari hatujamalizia.

Mwezi uliopita alikuja jirani, mwalimu mstaafu, tunaheshimiana sana. Ameletewa ofa ya sola kwa mkopo, kama hiyo yetu, na anataka ushauri. Nikamkaribisha chai, nikamwomba anionyeshe ujumbe wa luku ya mwisho kwenye simu. Elfu kumi, uniti karibu 70 baada ya kodi ya jengo.

"Mwalimu, hizi unazimaliza kwa muda gani?"

"Mwezi unapita na siku kadhaa. Niko na mama yenu tu."

Nikampigia hesabu kwenye bahasha ya ankara ya maji. Hata sola ikiondoa luku yake yote, ibaki sifuri kabisa, ataokoa chini ya elfu tisa kwa mwezi. Kwa milioni nne na laki sita, bila riba ya mkopo, ni zaidi ya miaka arobaini. Nikamwambia anunue taa za kuchaji kwa siku za kukatika, na kama choo chake kinavuja aangalie mpira.

Akaichukua ile bahasha, akaisoma taratibu kama anasahihisha mtihani, akanywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akainua macho, akatazama paneli zangu juu ya bati.

"Lakini mwanangu, mbona wewe umefunga?"

Nikamwongeza chai.